Mwezi wa Sikukuu na Msimu wa Wageni

(Hotuba kwa wafanyabiashara wa jumla na rejareja, Unguja, Mei 2025)

Bwana Mwenyekiti, viongozi wa masoko, mama zangu na ndugu zangu wafanyabiashara, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniita mwezi huu wa Mei, mvua inanyesha na wengi wenu mna nafasi ya kukaa. Mngeniita Agosti ningezungumza na viti.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie utalii na matumizi ya wananchi, robo kwa robo. Nitafanya hivyo, ila naanza na lile lililonileta, msije mkaondoka kabla sijalifikia. Zanzibar fedha inakwenda kwa kalenda mbili. Moja ni ya jua, ndiyo ya mgeni: anakuja Ulaya inapofunga skuli, anakuja anapokimbia baridi. Nyingine ni ya mwezi, ndiyo ya nyumba zetu: Shaabani, Ramadhani, Idd, kisha kimya. Takwimu za robo mwaka zinapangwa kwa kalenda ya kwanza. Droo ya duka lako inajazwa zaidi na ya pili. Na hii ya pili haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, na kwa sasa inatoka pahala palipokuwa pametufaa sana inakwenda pahala patakapotubana. Sijaona tukijiandaa.

Tuanze na wageni. Mwaka 2019, kabla ya korona, Zanzibar ilipokea wageni 538,264 kutoka nje ya nchi. Mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644, chini ya nusu. Mnaikumbuka robo ya pili ya mwaka ule, ndege zimesimama, na mahoteli ya Kiwengwa na Nungwi yamebaki na walinzi. Mwaka 2021 wakapanda hadi 394,185, Warusi wakiwa miongoni mwa waliotubeba, kwa kuwa milango mingi ya dunia ilikuwa imefungwa na wa kwetu uko wazi. Kisha 548,503 mwaka 2022, 638,498 mwaka 2023, na mwaka jana, 2024, wageni 736,755. Ukilinganisha na 2019 ni ongezeko la asilimia 37 hivi, na humo katikati tumepita korona, tumepita na vita vya Ukraine vilivyowakuta mamia ya Waukraine wako ufukweni hapa, hawana ndege ya kuwarudisha kwao.

Ni namba za kujivunia, sipingi. Lakini tuzifanyie hesabu ya dukani. Wageni 736,755 kwa mwaka ni kama elfu mbili wanaoingia kila siku. Tuseme kila mmoja anakaa wiki moja. Basi usiku wa kawaida tunalaza wageni kama elfu kumi na nne. Sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe watu 1,889,773. Kwa hiyo katika kila watu mia wanaokula chakula cha usiku leo Unguja na Pemba, mgeni hafiki hata mmoja.

Hesabu hiyo inafuta maneno mengi ya barazani. Anayesema mchele umepanda kwa sababu ya watalii hajaipiga. Mchele wa mapembe, ule wa kutoka nje, una sababu zake: soko la dunia, nauli ya meli, na dola. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati Julai 2023, bei duniani ilipanda, na sisi tunaokula wali mchana na usiku tukaisikia. Iliporuhusu tena Septemba 2024 ndipo pumzi ikaanza kurudi. Mtaliana wa Kiwengwa hana mkono hapo.

Alipo mkono wake ni kwa samaki wa daraja la juu, kamba, ngisi, pweza, kuku, mayai, matunda, saladi. Huko kichwa kimoja cha mgeni kinahesabika kama vichwa kadhaa vya wenyeji, na kinakaa sehemu moja. Ukienda diko, pale samaki wanaposhushwa, la Nungwi au Kizimkazi asubuhi, jodari mzuri anapopigiwa mnada, mnunuzi wa hoteli na mama muuza samaki wa kukaanga wamesimama mbele ya dalali mmoja. Yule wa hoteli anajua bei yake ya mwisho iko juu. Mama anaondoka na vibua.

Sasa fedha ya mgeni inakufikiaje wewe mwenye duka? Wengi wao wamelipia safari nzima kwao: ndege, chumba, chakula, hata safari ya mashamba ya viungo. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haijaigusa Zanzibar kabisa. Inayoshuka hapa inashuka kwa kodi na ada, kwa mishahara, kwa bakshishi, kwa nauli za teksi na boti, kwa kanga na vinyago. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna na ile bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni kutoka nje, nayo inaingia Shirika la Bima la Zanzibar, haipiti soko la Mwanakwerekwe. Kwako wewe mgeni haingii kwa mguu wake. Anaingia kupitia mfuko wa mpishi, mtunza bustani na mlinzi, tena anaingia amechelewa.

Kiasi gani amechelewa? Jamaa yangu mmoja ana duka Jambiani, na aliwahi kuniachia daftari lake la mkopo jioni moja nikalipitia. Wateja hawaandiki kwa majina yao. Kaandika kazi zao: Jikoni, Bustani, Ulinzi, Jikoni wa pili. Kurasa za Aprili na Mei zimejaa hadi pembezoni: mchele kilo mbili, mafuta nusu, sabuni kipande, unga, vocha, mchele tena. Hoteli ile hufunga masika kwa matengenezo na wafanyakazi hupewa likizo, wengine isiyo na malipo. Wageni wanaanza kurudi mwisho wa Juni. Mtu angetegemea mistari ikatwe Julai. Ukweli ni kwamba Julai bado wanakopa, kwa sababu mshahara wa mwezi kamili wa kwanza unatoka mwisho wake. Kalamu nyekundu inaanza kupita Agosti, na ukurasa wa "Bustani" ulikuwa haujaisha hata Septemba. Hoteli inaposherehekea kujaa, duka la kijijini ndio kwanza linalipwa deni la masika.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba wageni wa Julai wameongezeka, usikimbilie kuagiza mzigo mkubwa wa Julai. Wewe fedha yako iko njiani, na itafika robo ikielekea ukingoni.

Hapa nifungue mabano kidogo. Serikali ikisema "robo ya kwanza" kwenye mambo ya bajeti inakusudia Julai hadi Septemba, maana mwaka wa fedha unaanza Julai. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu ikitoa pato la taifa la robo ya kwanza inakusudia Januari hadi Machi. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana saa nzima, kila mmoja na robo yake mfukoni. Mimi leo nafuata Januari.

Kwa kalenda ya mgeni mwaka unajulikana. Januari na Februari ni joto la kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari tulivu, Ulaya kuna theluji, mahoteli yanafanya kazi vizuri hadi Machi inapochoka. Aprili na Mei ni masika, shimo la mwaka. Juni inapanda. Julai na Agosti ndio kilele, kuna kusi, upepo wa kutoka kusini, kuna ubaridi, na Wataliana na Wafaransa wako likizo. Septemba na Oktoba ni wastani, Novemba vuli inaangusha kidogo, halafu wiki mbili za mwisho za Disemba chumba hakipatikani. Mchoro huu haujabadilika kwa miaka mingi. Idadi imekua, sura yake ni ile ile.

Kalenda ya nyumba ni habari nyingine, na nyinyi mnaijua kuliko mimi. Wiki ya mwisho ya Shaabani mtu anayenunua mchele kilo tano ananunua gunia. Muhogo, majimbi, viazi vitamu, ndizi mkono wa tembo, nazi, tende, sukari, unga wa ngano, tambi, vyote vinakwenda kwa kasi ambayo hamuioni mwezi mwengine wowote. Mchana soko la Darajani linaonekana limelala, kisha baada ya alasiri hupati pa kukanyaga. Likiingia kumi la mwisho, fedha inahama. Inatoka kwenye chakula inakwenda maduka ya Mchangani: kanzu, viatu vya watoto, baibui, mapazia, foronya, vyombo. Nyumba inapakwa rangi. Serikali mara nyingi hutanguliza mishahara ili watu wafike sikukuu wakiwa nacho. Watoto wanapewa za kwenda viwanjani. Na baada ya siku nne za Idd, kimya. Mwezi wa Mfunguo Mosi mwenye duka la nguo anaweza kulala juu ya kaunta asiamshwe na mtu.

Sasa ziweke kalenda mbili hizi pamoja. Mwaka 2019 Ramadhani ilianza Mei. Mwaka 2020 ilianza mwisho wa Aprili, 2021 katikati ya Aprili, 2022 mwanzoni mwa Aprili, 2023 ikaanza Machi 24 na Idd ikawa baada ya tarehe ishirini Aprili. Mmeona? Kwa miaka mitano mfululizo Ramadhani ilikuwa imekaa ndani ya shimo la wageni. Mahoteli yamefunga, lakini masoko yamechangamka. Mpishi wa hoteli hana kazi, lakini yupo nyumbani mwezi wa ibada, na ndugu zake wanamsaidia. Samaki ambao hoteli haiwataki wana mnunuzi wa futari. Kwenye takwimu, robo ya pili ya utalii inashuka vibaya na uchumi wa mtaani haushuki kiasi kile. Watu wakasema Zanzibar tumekomaa, tunahimili. Mimi nasema ilikuwa bahati ya kalenda, wala hatukuipanga.

Bahati hiyo imekwisha. Mwaka jana, 2024, Ramadhani ilianza Machi 12 na Idd ikaja Aprili 10. Mwaka huu imeanza Machi 2, na Idd tumeswali Machi 31, siku ya mwisho kabisa ya robo ya kwanza. Yaani robo ya kwanza ya 2023 ilikuwa na wiki moja tu ya Ramadhani. Ya 2024 ilikuwa na siku kama ishirini. Ya 2025 imemeza mwezi mzima, na manunuzi yote ya sikukuu, na sikukuu yenyewe. Robo hii tuliyomo, Aprili hadi Juni, haina hata siku moja ya Ramadhani. Ina Idd el-Hajj mwanzoni mwa Juni, na Idd hiyo mnajua inauza mbuzi na ng'ombe zaidi kuliko inavyouza viatu.

Matokeo yake nayasikia kila ninapopita. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe kaniambia juzi kwamba mauzo yake ya Aprili mwaka huu hayafiki nusu ya Aprili iliyopita, na anawalaumu wamachinga waliojaa nje ya soko. Inawezekana wamachinga wana sehemu yao. Lakini Aprili iliyopita alikuwa na siku tisa za mwisho za Ramadhani na mkesha wa Idd, siku zinazouza kuliko miezi mizima. Aprili hii hakuwa na hata moja. Analinganisha mwezi wenye sikukuu na mwezi usio nayo, kisha anataka kuhama meza. Mwengine, wa jumla, alifurahi kwamba Machi imevunja rekodi, akaenda benki kuchukua mkopo wa kupanua ghala. Huyo namwombea.

Kosa hilo hilo linaweza kuingia kwenye takwimu rasmi, na nasema hivi kwa heshima yote kwa wenzangu wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu, ambao kila mwezi wanatuletea mfumko wa bei na idadi ya wageni bila kuchoka. Mfumko unapimwa kwa kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita. Hiyo ni njia sahihi kwa misimu ya jua: Agosti na Agosti, masika na masika. Haitoshi kwa msimu unaotembea. Machi ya mwaka huu karibu yote ni Ramadhani, Machi ya 2024 ilikuwa nayo siku kama ishirini. Bei ya ndizi ikipanda kati ya hizo mbili, kiasi gani ni mfumko na kiasi gani ni futari? Uturuki na Malaysia wanazirekebisha takwimu zao kwa sikukuu zinazohama, na hesabu zake hazihitaji mashine ya ajabu. Tukitoa safu mbili, moja ghafi na moja iliyorekebishwa kwa Ramadhani, mfanyabiashara na mwenye benki watasoma kitu kimoja.

Mpaka hapo itakapofanyika, nyinyi wenyewe fanyeni hivi kwenye daftari zenu: andikeni tarehe mbili. Ya Machi na ya Ramadhani. Wiki ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka huu ilinganishwe na wiki ya kwanza ya Ramadhani ijayo, hata kama moja iko Machi na nyingine itakuwa Februari.

Maana inakwenda Februari. Kwa hesabu za mwandamo, Ramadhani ya 2026 inatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari. Ya 2027, karibu na tarehe 8 Februari. Ya 2028, mwisho wa Januari. Ya 2029, katikati ya Januari. Na mwaka 2030, ndugu zangu, mwaka mmoja wa jua utakuwa na Ramadhani mbili: moja ianze mwanzoni mwa Januari, nyingine ianze karibu na Disemba 26. Ya 2031 inaanza katikati ya Disemba. Kutoka 2028 hadi 2032 mwezi wa futari utakuwa umekaa ndani ya msimu wa kaskazi, siku zile zile mahoteli yana wageni wengi.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Anasema Ramadhani ya Agosti alishaiona na hakufa mtu. Kweli kabisa, mzee wangu. Mwaka 2010 ilianza tarehe 11 au 12 Agosti, mwaka 2011 ikaanza mwanzo wa Agosti, 2012 mwisho wa Julai, kilele cha wageni. Ila mwaka 2010 mzima Zanzibar ilipokea wageni wasiofika laki moja na nusu. Leo tunazungumzia zaidi ya laki saba na bado wanaongezeka. Na wenyeji nao hatukuwa wengi hivi.

Itakuwaje? Upande wa samaki nina habari nzuri kidogo. Kaskazi bahari inatulia na vyombo vinatoka, tofauti na kusi ya Julai na Agosti ambapo hoteli zinataka samaki wengi na bahari haitaki kutoa. Kwa hiyo Ramadhani ya Januari haitakuwa mbaya kama Ramadhani ya Agosti kwa kitoweo. Dagaa nao wana mwezi wao: wavuvi wa taa wanavua giza na kupumzika mbalamwezi ikitanda, kwa hiyo kila Ramadhani katikati dagaa hupungua, iwe Agosti iwe Januari. Na kumbukeni dagaa wetu waliokaushwa wanavuka hadi Kongo. Mnunuzi wa huko hana habari na futari yetu.

Kuku, mayai na mboga ndiko ninakokuogopa. Tungule (nyanya), mbatata, karoti, kabeji, pilipili boga, sehemu kubwa tunaletewa kutoka Bara, Lushoto na Iringa na Morogoro, zinapita Dar es Salaam, zinapanda boti. Mwisho wa Disemba Dar yenyewe iko kwenye Krismasi. Mahoteli yetu yamejaa. Ongezeni nyumba laki kadhaa zinazopika futari kila jioni. Tenga la tungule linaloelekea bandari yetu ya Malindi litakuwa na wanunuzi watatu, na wa tatu ndiye mama wa Jang'ombe. Wageni ni chini ya mmoja kati ya mia, nilisema, lakini kwa tenga hilo mgeni anakaa mbele kabisa ya foleni kwa sababu hoteli yake inaweza kulipa.

Hapo ndipo wakulima wetu wa mboga wana nafasi ambayo haijawahi kutokea, kama watapata maji. Mboga ya Disemba ni ya vuli, na mvua ya vuli siku hizi haiaminiki, inakosa mwaka mmoja na kuozesha tungule mwaka wa pili. Anayetaka kuvuna Januari 2028 kwa uhakika anahitaji kisima, umwagiliaji wa matone na kitalu kilichofunikwa, na mnunuzi aliyesaini karatasi kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mahoteli wanasema wakulima wa hapa hawaleti mzigo kwa wakati. Wakulima wanasema mahoteli wanalipa baada ya siku tisini. Nimekaa na pande zote mbili na naona zote zinasema kweli.

Wenye nguo na bidhaa za nje, kwenu jambo liko karibu zaidi, halisubiri 2028. Mwaka mpya wa Kichina ni Februari 17 mwakani, na mwaka 2027 ni Februari 6. Ramadhani zinaanza ndani ya siku mbili hivi za tarehe hizo. Kiwanda cha Guangzhou kinafunga kabla ya sikukuu yake, wafanyakazi wanakwenda kwao, na meli zinajazana wiki za mwisho. Aliyezoea kuagiza mzigo wa Idd mwezi wa Januari ataupata baada ya watoto kuswali Idd na nguo za mwaka jana. Mzigo wa 2026 uwe umeshaagizwa mapema Novemba. Na mtakapoutoa bandarini Januari mtakuwa mmelipa ada ya skuli, kodi ya nyumba, na bado wateja wenu hawajapata fedha za msimu wa Disemba. Mliozoea mkopo wa miezi mitatu kabla ya Idd, hesabuni upya.

Nalo la mkopo. Taasisi zetu za fedha zinataka marejesho sawa kila mwezi, Januari sawa na Mei. Duka la Jambiani haliuzi sawa, na duka la Darajani haliuzi sawa, na misimu yao wawili haifanani. Hakuna sheria inayokataza marejesho yanayofuata msimu: madogo masika, makubwa Agosti na baada ya Idd. Wenye vyama vya kuweka na kukopa mnaweza kuamua hivyo kwenye mkutano mmoja. Na kuanzia mwaka huu robo ya pili ni kavu kabisa, haina mgeni, haina futari. Mwenye marejesho makubwa ya Mei atauza friji.

Kuhusu dola nitapita haraka, kwa sababu kila mtu humu ni mtaalamu wa dola. Oktoba mwaka jana dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700, mwisho wa Disemba ikashuka karibu 2,400. Mwagizaji alifurahi. Mhudumu wa hoteli aliyepewa bakshishi ya dola kumi wiki ya Krismasi, msimu wa kilele, alitoka na shilingi pungufu ya elfu tatu kuliko angepewa Oktoba, na pungufu hiyo ilikuwa kilo moja ya mchele. Kanuni za Machi mwaka huu zimepiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ni hatua nzuri kwa mpangaji wa Mji Mkongwe anayedaiwa kodi ya duka kwa dola. Fuatilieni tu isiishie kwenye vibandiko vya bei huku mkataba ukibaki ule ule.

Ndugu zangu wa Pemba mtanisamehe, nimezungumza kama kwamba nchi ni Unguja peke yake. Pemba mgeni ni mdogo bado, na robo nzuri ni ile ambayo karafuu imezaa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, inalipa taslimu vituoni. Mwaka wa mavuno makubwa Wete na Chake Chake mabati yanaisha madukani. Mwaka wa mavuno madogo, hata Idd inapita kimya. Karafuu haifuati mwezi wala haifuati Ulaya, na kwa hiyo takwimu moja ya matumizi ya Zanzibar nzima inawachanganya watu wa visiwa viwili wenye mifuko miwili. Ningependa siku moja tupewe ya Pemba peke yake, robo kwa robo.

Nilichowaletea kwa mkono ni karatasi hii hapa, ukurasa mmoja. Upande mmoja una tarehe zinazotarajiwa za Ramadhani na Idd zote mbili hadi 2033, na pembeni yake miezi ya wageni. Upande wa pili ni mtupu, una mistari ya kuandika mauzo yenu ya kila wiki. Ziko nakala za kutosha mlangoni. Mkizijaza kuanzia Shaabani ijayo, na mkakubali kuzikusanya bila majina, tutakuwa na kipimo cha Ramadhani mbili kabla ya kufika 2028.

Bwana Mwenyekiti, nayapokea maswali. Tuanze na yule mama wa safu ya nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja marejesho.